Mwiko Uliotoka Zizini Ukaingia Darasani

Anayetaka kusoma habari za Wakipsigis wa zamani huelekezwa kwenye vitabu viwili. Kimoja ni cha Peristiany, kilichotoka mwaka 1939. Kingine ni cha Ian Orchardson, mlowezi aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda chai Kericho, akaishi na watu wetu miaka mingi, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1961. Nimevisoma vyote viwili. Humo utapata marika, mahari, viapo na ng'ombe wa kila rangi. Ila yale niliyokuwa nikiyatafuta mimi hayakuwa yao kuyaandika. Walikuwa wanaume, na kibanda walimofundiwa wasichana hakikumfungulia mwanamume mlango, awe Mzungu awe mwenyeji.

Mimi nilikuwa na kogo, nyanya yangu mzaa baba, aliyezaliwa kabla makampuni makubwa ya chai hayajaingia Kericho miaka ya 1920. Boma letu lilikuwa Longisa, kwenye barabara itokayo Bomet kwenda Narok, kabla hujateremka Mulot ukauona mto Amala. Tuko ukingoni mwa nchi ya chai. Ukipanda kurudi Tenwek na Silibwet unakuta majani mabichi hadi kwenye ua wa nyumba. Ukishuka unakutana na mahindi, ng'ombe na vumbi la Narok. Nilifundisha sayansi kimu katika shule za msingi za huku mpaka nikastaafu, na haya ninayoyaandika nimeyaokota kwa kogo, kwa mama, kwa wanawake wa rika lao, na kwa wasichana walionijia wakati wa mapumziko wamejifunga sweta kiunoni.

Kogo alipanga vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya mgando, ukutani kwa ukubwa. Kabla ya kutia maziwa alichoma kijiti cha senetwet mpaka ncha ikawa kaa, akakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, huku mkono wa kushoto ukikizungusha polepole. Moshi ulitoka mdomoni mwa kibuyu, ndani kikawa cheusi, naye akakung'uta makaa yaliyozidi na kunusa. Harufu ikimridhisha ndipo alipomimina maziwa yaliyokwisha kuchemka na kupoa, akafunga, akaacha siku kadhaa. Yakifunguliwa yana rangi ya majivu, na mgeni wa heshima ndiye huanza.

Mwanamke aliyekuwa mwezini hakugusa vibuyu hivyo. Hakukamua wala kuingia zizini. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa, na kwa majirani vivyo hivyo. Kogo aliambiwa ujanani kwamba akivunja mwiko, maziwa yataharibika na ng'ombe atatoa damu kwenye chuchu. Alikaa pembeni na kipande chake cha ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, akafanya kazi za mikono, wengine wakakamua. Nilipokuwa chuo cha ualimu, nikiwa na kiburi cha vitabu vipya, nilimuuliza kama kweli aliyaamini yale ya chuchu. Akanijibu kwa swali: "Wewe ungekataa kukaa siku nne bila kukamua?"

Siku hizi wapo wanaolisimulia jambo hili kana kwamba wazee wetu walibuni likizo ya wanawake. Sikubaliani nao. Kogo alipumzika kwa sababu boma lilikuwa na wake watatu na mabinti wakubwa. Kazi haikupungua, ilihamia mgongo mwingine. Tena hapakuwa na siri. Aliyetaka kujua nani yuko mwezini, na nani amepitisha miezi miwili bila kuingia, alitazama tu nani hayupo zizini asubuhi. Mama mkwe alihesabu. Mwanamke aliyekosa mimba alihesabiwa zaidi.

Hata hivyo nataka kusema wazi kwamba kilichoua mwiko ule si elimu. Mama yangu alikuwa mke wa pekee wa baba, kama kanisa lilivyotaka. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akirudi mwisho wa mwezi. Sisi watoto tulikuwa shuleni. Jogoo akiwika, ng'ombe anataka kukamuliwa, na mtu wa kumkamua ni mmoja. Mama alikamua siku zote thelathini za mwezi. Mwanzoni, kwa maneno yake mwenyewe, alinawa mikono mara mbili na kumwomba Mungu. Baadaye akanawa mara moja.

Kisha akaja ng'ombe wa gredi. Maziwa yake hayakuingia kibuyuni. Yaliingia kwenye mkebe wa alumini, yakapimwa kando ya barabara, yakapakiwa kwenye gari kwenda kiwanda cha KCC kule Sotik. Sijapata kusikia mtu akisema maziwa ya KCC yana mwiko. Boma moja likawa na sheria mbili, moja ya ng'ombe wa kienyeji na kibuyu, nyingine ya Ayrshire na mkebe. Wakati wa kikao cha wazazi miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikieleza haya, mzee mmoja alisimama akauliza kwa adabu zote kama basi mursik ya wageni inaweza kutayarishwa na mwanamke yeyote siku yoyote. Mkewe, aliyeketi upande wa akina mama, hakuningoja mimi. "Baba," akasema, "miaka hii yote ulikuwa unadhani unakunywa ya nani?" Kikao kilivunjika kwa muda.

Mwiko wa maziwa, basi, ulikufa kifo chake wenyewe. Aibu haikufa. Ilikuwa imekwisha kupata makao mengine, na hapo ndipo historia yenyewe inaponiuma.

Zamani msichana wa Kikipsigis alifundishwa mambo ya mwili wake wakati wa tumdo, akiwa ametengwa pamoja na wenzake baada ya kutahiriwa. Wanawake wazima walimweleza habari za damu, za mimba, za kuishi na mume. Sitaki mtu anielewe vibaya. Kisu kilikuwa madhara matupu, kilistahili kuachwa, na sheria ya mwaka 2011 ya kuharamisha ukeketaji nchini Kenya ilikuja ikiwa imechelewa. Lakini tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Mafundisho yale yalikuwa siri ya waliopitia. Asiyetahiriwa hakuambiwa kitu, na aliyeambiwa hakuruhusiwa kumwambia asiyetahiriwa. Wamishonari, waliofika Kericho tangu 1905 na kujenga Tenwek miaka ya 1930, walipokataza kisu kwa waumini wao, msichana wa Kikristo alinusurika na kisu lakini akabaki nje ya kila kitu alichopaswa kukijua. Kanisa lilimfundisha kusoma, kushona na kuimba. Nafasi ya yule mwanamke mzima wa kibandani haikujazwa na mtu.

Mama yangu alikuwa wa kizazi hicho. Aliijua Biblia vizuri, pamoja na kile kitabu cha Mambo ya Walawi kinachosema mwanamke huwa najisi siku saba, na sura hiyo ilisomwa kwetu bila maelezo yoyote. Nilipofikisha umri aliniambia sentensi moja: "Ukiona kitu, niambie, na usicheze na wavulana." Kitu chenyewe hakukitaja. Nilipokiona nilidhani nimechanika ndani kwa kuruka kamba. Kogo ndiye aliyeniokoa, akivunja kiapo chake cha ujana. Alinikalisha nyuma ya ghala la mahindi akaniambia yote, hata yale ambayo sikuwa nimeuliza. Baadaye nilikuja kugundua kwamba karibu kila mwanamke wa rika langu aliyeambiwa ukweli aliambiwa na nyanya. Akina mama zetu walikuwa wamebanwa katikati.

Kule Tharaka, mwaka 1996, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilijaribu njia ya kutenganisha vile vitu viwili, kisu na mafundisho: wasichana wakatengwa, wakafundishwa, wakasherehekewa, bila kukatwa. Njia hiyo imeigwa sehemu nyingi za Kenya, na huku kwetu pia yapo makanisa yanayokusanya wasichana likizo ya Desemba. Ni jambo jema, ingawa nimehudhuria mafunzo ambapo siku tatu nzima zilikwenda kwa maadili na hedhi ikapewa nusu saa kabla ya chakula.

Shule sasa. Kogo hakuwahi kukaa kwenye benchi la mbao na wavulana nyuma yake. Hakuvaa sketi ya kijivu ambayo tone moja huonekana kutoka mlangoni. Hakuitwa ubaoni. Aibu ya doa kwenye sketi ni kitu kipya, umri wake ni umri wa sare ya shule, na wanaoiita mila wananishangaza. Mila ilimweka mwanamke pembeni. Haikumchekelea mbele ya watu arobaini.

Nilipoanza kazi wasichana walitumia walichopata. Wengi walikata blanketi kuukuu. Wengine walichomoa sponji la godoro kidogo kidogo, na mama aliyeinua shuka akakuta kona ya godoro imeliwa alijua bintiye amekua. Wenye nacho walinunua pamba dukani. Kitambaa huhitaji kufuliwa na kuanikwa juani, na jua ndilo linaloua vijidudu. Lakini nani angeanika kitambaa kile uani, baba na kaka wakipita? Walikianika chini ya kitanda, au kwenye ua chini ya gauni. Na huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa miezi. Kitambaa hakikauki. Msichana hukivaa kibichi, anapata muwasho na vidonda mapajani, naye anaona haya kwenda kliniki. Mengi ya yale yaliyoitwa ugonjwa wa hedhi, nijuavyo mimi, yalikuwa ugonjwa wa kukosa kamba ya kuanikia.

Kwenye somo la sayansi kimu tulishona. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuwa na kosa lake la kubebesha watoto mizigo, lakini ulitupa cherehani na saa za kuitumia. Nilikata flana kwa umbo la mviringo mrefu, juu flana na chini flana, katikati tabaka mbili za taulo kuukuu, na pembeni masikio mawili yanayokunjwa chini ya chupi na kushikwa kwa kifungo cha kubana. Mshono wa ukingo lazima upite mara mbili, la sivyo taulo hujikunja ikifuliwa. Kwenye ratiba niliandika "kushona vitambaa vya jikoni". Mkaguzi alikuja, akaviona, akaviandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Kama alijua, alikuwa mwungwana. Mapema miaka ya 2000 somo likapunguzwa kwenye mtaala wa shule za msingi, cherehani zikafungiwa stoo.

Pedi ya dukani nayo ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Marekani ya Kimberly-Clark ilianza kuuza Kotex mwaka 1920, kwa kutumia nyuzi zilizobaki baada ya Vita Kuu vya Kwanza, za aina ile iliyofungia majeruhi vidonda. Mimi niliikuta pedi kwa mara ya kwanza nikiwa sekondari miaka ya 1970, nayo ilikuwa ndefu, yenye mikia miwili ya kufunga kwenye mkanda wa kiunoni. Binti wa karani ndiye aliyekuwa nayo. Tuliitazama kwa zamu. Zile za gundi, zilizokuja kujulikana kwa jina la Always hata zikiwa za kampuni nyingine, zilienea madukani Longisa baadaye sana, na mwenye duka alizifunga kwa gazeti kabla ya kukukabidhi, ilhali mkate aliutoa wazi. Hata leo wapo wanaofunga.

Lakini bei. Hapa ndipo chai inaporudi. Wenyeji waliporuhusiwa kupanda chai yao, na shirika la chai la KTDA likaundwa mwaka 1964, nambari ya mkulima iliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi alikuwa mwanamume. Mwanamke huamka, huvaa aproni ya plastiki, huchuma majani mawili na chipukizi, hubeba kapu mgongoni hadi kwenye kituo cha kununulia majani. Gari huyapeleka kiwandani, Kapkoros au Tirgaga. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai huingia kwenye akaunti ya baba. Upande wa mama yangu, Silibwet, nilikuwa nikiona bonasi ikilipwa: mabati, karo, nyama, na baa zikijaa. Kwenye orodha ile pedi haikuwepo, kwa kuwa aliyeandika orodha hakuzihitaji, na aliyezihitaji hakuweza kuzitaja. Mwanamke alinunua kwa pesa ya mayai na ya maziwa ya jioni. Hata paketi ya bei nafuu ina gharama yake. Mwenye mabinti watatu na apige hesabu.

Serikali yetu ina sifa ya kuwahi. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi, mbele ya nchi nyingi tajiri. Uingereza ilifika huko 2021. Mwaka 2011 ushuru wa forodha nao ukaondolewa. Juni 2017 Rais Kenyatta akatia sahihi mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yanayoitaka serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma pedi za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Niliisoma mara mbili kwa furaha. Kisha kazi ikatolewa Wizara ya Elimu ikapelekwa idara ya jinsia, na baadaye ikaangukia kwa wawakilishi wa wanawake wa kaunti. Katoni hufika na gari lenye picha ya mwanasiasa. Muhula mwingine hazifiki. Kuhusu njia ya kuzitupa, shule ninazozijua zina choo cha shimo, nacho hujaa.

Sheria ikiwa na miaka miwili, Septemba 2019, msichana wa shule ya msingi upande wa Konoin, hapa hapa Bomet, alijiua. Kwa maelezo ya mama yake, damu ilikuwa imepenya kwenye sare, mwalimu akamwita mchafu na kumtoa darasani. Hakuwa na pedi. Wazazi waliandamana hadi shuleni, polisi wakawatawanya kwa gesi ya kutoa machozi, na wabunge wanawake wakaenda hadi Wizara ya Elimu Nairobi kudai majibu. Sisi walimu wanawake wa kaunti hii tuliongea juu yake kwa sauti ya chini wiki nyingi. Niliyekuwa nikimfikiria zaidi ni mwalimu, si huyo tu bali sote. Chuoni tulifundishwa kuandaa azimio la kazi, kutumia chaki, kusahihisha insha. Hatukufundishwa la kufanya mtoto akiinuka na kiti kina damu. Kila mmoja wetu alitenda kulingana na alivyotendewa na mama yake.

Tangu hapo yamebadilika baadhi. Mei 2020 Wizara ya Afya ilizindua sera ya usafi wa hedhi inayofikia mwaka 2030, na ndani yake wavulana na wanaume wametajwa. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni na suti nyeupe yenye doa jekundu, wenzake wakalalamika, akaambiwa atoke akabadilishe. Longisa nzima ilijadili doa lile. Sokoni nilisikia wanaume wakilitaja neno hedhi kwa sauti kamili, wengine kwa hasira, na hasira ilikuwa hatua mbele ukilinganisha na kunong'ona.

Mimi bado huitwa shuleni mara moja moja, nikiwa mstaafu, kufundisha Gredi ya 6. Nina sharti moja, kwamba wavulana wasitolewe nje. Huchora mji wa mimba ubaoni, nikaeleza jinsi ukuta wake wa ndani unavyonenepa kulingoja yai, na mimba isipotunga ukuta huo hubanduka ukatoka pamoja na damu. Huwaambia damu yenyewe kwa kawaida ni kati ya mililita 30 na 80, vijiko viwili hadi vitano vya mezani, maana wengi hudhani ni lita. Halafu nachora kalenda.

Safari moja mvulana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, hata ng'ombe wetu hutoa damu. Siku mbili hivi baada ya joto. Baba akiiona mkiani husema tumechelewa, tungoje joto lingine." Darasa likacheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu, na watoto wa wafugaji walikuwa wameanza kutikisa vichwa kukubali. Nikamwita mbele. Tukaeleza pamoja: ng'ombe hutoa damu hiyo muda mfupi baada ya yai kutoka, na si mwisho wa mzunguko kama kwa binadamu, mzunguko wake ni kama siku 21, wetu kwa wastani ni 28, ila kwa msichana anayeanza unaweza kuwa 21 au hata 45. Akiwa bado amesimama na chaki, msichana wa mbele akauliza, wavulana wote wakisikia, mbona yake ilikuja Januari ikarudi Machi. Nikamwambia miaka ya mwanzo huwa hivyo, ila ikipita miezi mitatu bila kurudi aje na mama yake tuandamane hadi Hospitali ya Longisa. Mvulana akataka kujua kama anaweza kuweka tarehe za ng'ombe na za dada yake kwenye kalenda moja. Wasichana walimzomea kabla sijafungua mdomo.